Mzuri, Lakini Mzuri Tu

Kila Januari, theluji ikishageuka tope la kijivu kando ya barabara, wanaume wa Medlin, Ohio, hukutana kwenye mgahawa wa Dolores na kumjadili Rayford Tubbs kama vile wanamjadili marehemu. Ubaya ni kwamba marehemu mwenyewe huwa amekaa pale pale, meza ya dirishani, anakula mayai.

"Misimu kumi na moja ligi kuu," husema mmoja. "Na hakukosa mechi hata moja."

"Hii meza nayo haijakosa siku hata moja," hujibu wa pili. "Tuipeleke Ukumbini?"

"Meza haijawahi kuangukiwa na wanaume wanne."

"Hujamwona Dutch akiiegemea."

Dutch Hrabovsky alitangaza mpira redioni kwa miaka mingi mpaka sauti yake ikabaki mkwaruzo mtupu, ila tumbo likaendelea kustawi. Yumo kwenye kamati inayochagua watu wa kuingia Ukumbi wa Heshima wa Wanamichezo wa Bonde, kwa hiyo akifungua mdomo wenzake huacha kutafuna.

"Ray alikuwa waipa ya gari," husema Dutch, bila kupunguza sauti. "Mvua ikinyesha unashukuru unayo. Lakini nani umewahi kumsikia akiisifu waipa yake harusini?"

Watu hucheka. Ray naye hucheka, tena kwa sauti kuliko wote, kwa sababu asipocheka watajua kwamba imemwingia. Halafu hurudi kwenye mayai yake na kuyatafuna kama mtu anayetafuna shuka.

Waliomjua akicheza wanasema Dutch hakukosea sana. Kazi ya Ray, katika mpira ule wa Kimarekani unaobebwa mikononi, ilikuwa kupokea mpira, kuukumbatia tumboni, na kujitosa katikati ya wanaume wenye uzito wa jokofu. Yadi tatu, nne, anaanguka, anaamka. Wapo walioifanya kazi hiyo kwa madaha, wakazunguka na kuruka hadi mashabiki wakamwagiana bia. Ray aliifanya kama mtu anayepakua saruji: mzigo unafika, na hakuna anayetoa kamera. Hakuwahi kuongoza ligi kwa jambo lolote. Mechi ya nyota wa ligi aliitwa mara moja tu, baada ya mwenye nafasi kuvunjika kidole, na siku hiyo mvua ikanyesha kutwa nzima hata picha hazikutoka.

Alipostaafu kutoka timu ya Akron alirudi Medlin na magoti mawili yasiyopatana, akafungua duka la mazulia na sakafu. Duka likaenda vizuri. Ndoa yake ikaenda vizuri. Mtu angedhani angeridhika.

Ila Ukumbi ulikuwa pale mjini, kwenye jengo lililokuwa duka la viatu, na ndani yake walikuwa wamejaa watu. Alikuwemo mama mmoja aliyetupa tufe la bolingi kwa mkono wa kushoto baada ya kuvunjika wa kulia. Alikuwemo Skip Dillard, ambaye alicheza misimu miwili, akakimbia na mpira mara moja kutoka mwisho wa uwanja hadi mwisho mwingine mbele ya televisheni ya nchi nzima, kisha akafukuzwa kwa kulala wakati wa mazoezi. Skip alikuwa na kabati la kioo lenye taa ndani. Alikuwemo hata farasi. Kila mwaka jina la Ray lilipelekwa kwenye kamati, na kila mwaka lilirudi. Kamati ilimwona mzuri, lakini mzuri tu.

"Mimi hayo mambo sina habari nayo," Ray alikuwa akimwambia mkewe, Earlene.

Earlene alikuwa mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, mlango wa pili kutoka Ukumbini, na dirisha lake lilitazama barabara. "Huna habari nayo," alisema. "Jana umesimama pale nje mpaka mgonjwa wangu akauliza kama wewe ni mtu unayeogopa kuja kung'olewa jino."

"Nilikuwa naangalia zulia lao. Limechakaa."

"Zulia linaangaliwa kwa kuinamisha kichwa, Rayford. Wewe ulikuwa unamwangalia farasi."

 Kwa Earlene alikuwa amejifunza zamani kwamba mtu akishakabwa vizuri, heri alale chini na mpira wake.

Basi mwaka mmoja, kabla kamati haijakutana, Walt Penniman alikuja dukani. Walt alikuwa mwenye nyumba ya mazishi na mwenyekiti wa kamati, mtu mwembamba, msafi, aliyezoea kusema na watu kana kwamba wamefiwa hata kama wamekuja kununua sabuni. Alizunguka katikati ya mazulia akiyagusa kwa ncha za vidole.

"Nahitaji kitu cha chumba cha kuagia," alisema. "Kitu kisichopiga kelele."

"Zulia halipigi kelele, Walt."

"Lile nililonalo linalia. Watu wanadhani ni marehemu." Akavuta pumzi. "Ray, kuna jambo jingine. Mzee Oberholtzer amehamia kwa binti yake Florida. Kiti chake kwenye kamati kiko wazi. Tumekaa tukasema, tunahitaji mtu aliyeucheza mchezo wenyewe, si sisi wa kukaa majukwaani."

Ray aliweka chini futi ya kupimia. "Mimi?"

"Nani mwingine? Ila iko kanuni ndogo. Mjumbe hawezi kupigiwa kura akiwa bado amekaa. Lakini hilo nadhani kwako si tatizo. Umewaambia watu wote kwamba huna habari na mambo hayo."

Hapo Ray alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Alikuwa peke yake na mwenye nyumba ya mazishi, mtu ambaye kwa kazi yake husikia mengi na kutunza siri. Badala yake alisema angefurahi sana kuitumikia jamii, na Walt akashukuru, akachagua zulia la kijivu, na akataka apunguziwe bei kwa kuwa sasa wote wawili ni wanakamati.

Jioni Earlene alisikiliza habari yote akiwa amesimama na sufuria ya viazi mkononi.

"Wamekupa kiti ili usisimame," alisema.

"Ni heshima, Earlene."

"Ni kiti. Nimewahi kuviona."

Pamoja na kiti lilikuja koti. Kila mwanakamati alikuwa na koti la kijani lenye nembo ya dhahabu kifuani, na la Ray lilishonwa upya kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na shingo kama yake. Alilivaa kwenye chakula cha jioni cha wanakamati. Akalivaa kanisani. Earlene alipomkuta amelivaa dukani huku akikata vigae, alimfuta tu vumbi mabegani kama anavyofutwa maharusi.

Na mtu akibadilishwa nguo, maneno nayo hubadilika. Kabla ya wiki kadhaa kupita Ray alikuwa na neno jipya, "viwango," na alilipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Kule mgahawani watu sasa walikuja kwenye meza yake. Mmoja alimletea habari za mpwa wake mcheza tenisi, mwingine akamlipia kahawa na kumtajia binamu aliyewahi kuogelea ziwa zima.

"Lazima tulinde viwango," Ray aliwaambia wote. "Ukumbi si stendi ya basi."

Dolores, mwenye mgahawa, alimimina kahawa akasema, "Farasi mnaye, lakini."

"Yule farasi alikuwa bingwa," alisema Ray kwa ukali, na kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa farasi.

Mwishoni mwa Februari Walt aligawa majina ya mwaka ule. La tatu lilikuwa Gene Stupak.

Ni lazima Gene aelezwe kidogo. Alizaliwa Harlan Forge, ng'ambo ya mto, akaenda Akron mwaka mmoja na Ray, na kwa misimu minane alikimbia mbele yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote: mpira alikabidhiwa Ray, na Gene akatangulia kama shoka, akampiga yeyote aliyekuwa njiani, ili Ray apite. Mpira wenyewe aliugusa kwa nadra, kwa bahati au kwa makosa. Sasa alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na shingo yake ilikuwa imeungwa na madaktari kwa vyuma, kwa hiyo akitaka kumtazama mtu wa pembeni aligeuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa. Jina lake lilipelekwa na bintiye, Tammy. Yeye hakuomba.

Ray alikutana naye Ijumaa ya Kwaresima, kwenye ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Sirili, ambako mji mzima, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, hupanga foleni kununua samaki wa kukaanga na pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na jibini. Ray alikuwa na koti lake la kijani. Gene alikuwa na ovaroli.

"Ray. Siku hizi unakula vya Papa wa Roma?"

"Earlene anapenda samaki."

"Earlene hapendi samaki. Alinitapikia samaki mguuni kule Buffalo."

Ray akatazama sahani yake. Gene aligeuka mzima akamwelekea, akacheka puani. "Nasikia Tammy kaleta jina langu kwenu. Nimemwambia aache upuuzi. Lakini ameshafanya. Basi nikasema nikikuona nikwambie usijisumbue sana kunipigania. Sitaki ugombane na wale wazee."

Huyu ni mtu aliyekuja kumpunguzia mwenzake mzigo wa kumtetea. Ray alijinyoosha ndani ya koti.

"Gene, siwezi kuzungumzia mambo ya kamati."

Gene alicheka, akampiga bega kwa mkono wenye grisi. Alidhani ni utani. Alikwenda kukaa na mkewe akiwa bado anacheka, na Ray alibaki kwenye foleni akijaribu kufuta grisi kwenye kijani kwa kitambaa cha karatasi, na kadiri alivyofuta ndivyo ilivyoenea.

Kamati ilikutana kwa Walt, chumba cha nyuma, kule ambako harufu ya maua haiishi hata kama hakuna mgeni aliyelala. Zulia jipya halikulia. Walikuwa saba kuzunguka meza: Walt, Dutch, Ray, daktari wa meno aliyekuwa mwajiri wa Earlene, mwalimu mkuu mstaafu, mwuza magari, na mama wa benki aliyekuja kwa sababu mumewe marehemu alikuwa anakuja.

Majina mawili ya kwanza yalipita bila kelele. Walipofika kwa Gene, mwalimu mkuu akasema neno zuri, mwuza magari akasema neno zuri, na Walt akataja, kama mtu anayekumbuka kwa bahati, kwamba baba mkwe wa Tammy ndiye aliyejitolea kuezeka upya paa la Ukumbi. Kisha akageuka. "Ray, wewe ndiye ulikuwa naye. Tusaidie."

Ray alikuwa amejiandaa kusema kwa kifupi tu kwamba anamheshimu Gene na anaiachia kamati. Ndivyo alivyomwapia Earlene baadaye, na huenda ni kweli. Lakini nyuso sita zilimwelekea, zikingoja, na hakuna aliyekuwa na haraka. Kwa miaka yote watu wa namna hii walikuwa wameketi mahali asipokuwepo na kumpima. Sasa mizani ilikuwa mkononi mwake.

"Gene alikuwa mzuri," alisema. "Hakuna wa kubisha. Lakini tujiulize, Ukumbi ni wa watu wazuri au wa watu wakubwa? Wazuri ni wengi. Mtu akikaa kazini miaka mingi, hilo ni la kumshukuru, si la kumjengea kabati. Aliongoza nini? Mechi gani mtu alikata tiketi ili kumwona Gene Stupak?"

Mama wa benki akaacha kuchezea kalamu.

"Ukimwingiza huyu," Ray aliendelea, maneno yakimtoka laini, kwa kuwa aliyajua kwa moyo, "kesho utamkataa nani? Lazima tulinde viwango."

 Dutch Hrabovsky, aliyemfananisha na waipa kwa muongo mzima, alimtazama muda mrefu kwa macho yake ya mbwa mzee.

"Ray," alisema kwa mkwaruzo. "Zile yadi zako. Nani alikuwa anafungua ile njia?"

"Njia ningeiona mwenyewe."

"Aha," alisema Dutch. Hakuongeza kitu, na kwa mtu aliyelipwa maisha yake yote kujaza kimya, hilo lilikuwa tusi.

Wakanyoosha mikono. Gene Stupak aliingia Ukumbi wa Heshima kwa kura zote isipokuwa moja.

Wanakamati waliapa kutunza siri. Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa tatu, Earlene aliipata habari kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa na pamba mdomoni. Ilibidi amwambie arudie mara mbili, na mara ya pili mgonjwa alitoa pamba ili isipotee hata herufi.

Earlene hakupiga simu dukani. Alimaliza siku yake, akarudi, akapika, akaweka sahani mezani, akaketi mbele ya mumewe na kuikunja mikono.

"Niambie mwenyewe," alisema. "Nimeisikia kutoka mdomo usio na ganzi na wenye ganzi. Nataka kuisikia kwako."

"Ni suala la viwango."

"Rayford."

Alisukuma sahani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye nguvu bado, na alionekana kama mtoto aliyekutwa na unga usoni. "Wamekuwa wakiniambia mimi ni mzuri tu," alisema. "Miaka yote hiyo, mbele yangu, huku nakula. Nikaona leo na mimi nina mtu wa kumwambia."

"Na ukamchagua Gene."

"Ndiye aliyekuwepo."

"Ndiyo," alisema Earlene. "Kila mara ndiye aliyekuwepo. Ulifunga kamba za viatu vyake alipokuwa haoni vizuri baada ya kupigwa kichwa, unakumbuka? Kocha alimwuliza ni siku gani, na wewe ukamnong'oneza jibu ili asitolewe. Sababu akitolewa na wewe huendi popote."

Ray hakuwa amemwambia mtu mwingine habari hiyo. Alikuwa amemwambia Earlene mwenyewe, zamani sana, kama kichekesho.

"Kila mtu alikuwa akifanya hivyo," alisema.

"Najua. Kula, chakula kinapoa."

Wiki nzima mgahawani hakuna aliyekaa meza yake. Si kwamba walimsusia. Walimsalimia, walimwuliza hali ya magoti. Ila Dolores alimletea mayai na kuyaweka mezani kwa upole wa kutisha, kama mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejua bado ugonjwa wake. Kumjadili nako waliacha. Ray hakutegemea kwamba hilo ndilo lingemkera zaidi.

Gene alikuja dukani siku ya Jumatano, ovaroli ile ile. Akasimama katikati ya vigae akigeuka mzima mzima, akitafuta bidhaa asiyoihitaji.

"Nasikia ilikuwepo hapana moja," alisema.

"Kura ni siri, Gene."

"Ni siri, ndiyo maana nimeambiwa na padri." Aliinua kigae, akakitazama, akakirudisha. "Mwanzoni nilisema nije nikuvunje mkono. Mke wangu akasema na shingo hii nitaanguka kabla sijafika. Basi nikafikiria jambo lingine. Kwenye sherehe kila mwenye kuingia anatambulishwa na mtu. Tammy anataka afanye yeye. Nimemwambia hapana, atafanya Ray."

"Gene, hiyo si busara."

"Simaanishi busara. Namaanisha usimame pale, na koti lako, watu mia tatu wakiwa wanakula kuku, uwaambie mimi ni nani. Wote wanajua ulichofanya. Nataka nikuone unapita hapo bila mtu mbele yako."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hakungoja jibu. Mlangoni ilibidi ageuke mzima ili aupate mpini, na kugeuka huko kukaharibu kidogo ukali wa kuondoka kwake, lakini si sana.

Sherehe ilifanyika Mei, kwenye ukumbi wa zima moto. Kuku alikuwa mkavu, maharage yalikuwa ya kopo, na mama wa bolingi alikuwepo na mkono wake wa kushoto. Skip Dillard alikuja amechelewa, akakaa meza ya mbele, akasinzia. Ray alikuwa amelala vibaya kwa siku mbili. Alikuwa amefikiria kusema ana homa. Earlene alimwambia anaweza kuwa na homa akitaka, lakini yeye angekwenda, na angekaa meza ya akina Stupak.

Aliitwa. Akatembea hadi kwenye kipaza sauti, magoti yakilalamika kila moja kwa wakati wake, na alipogeuka aliona uma mia tatu zimesimama hewani.

"Mimi nilimpigia Gene kura ya hapana," alisema.

Mtu wa mitambo alidhani kipaza sauti kimekosea, akakiongeza sauti. Maneno yaliyofuata yakatoka yamevimba hadi jikoni.

"Mnajua tayari, kwa hiyo tusipotezeane muda. Nilisema hakuna mtu aliyekata tiketi kumwona. Hiyo ni kweli. Hata mimi sikumwona. Misimu minane nilichoona ni mgongo wake, kisha pengo, kisha mimi niko chini na watu wananiambia nimefanya vizuri."  Alikuwa na maneno mengine mazuri zaidi, aliyoyafanyia mazoezi kwenye gari, na hayakuja. "Kuna mechi moja Cleveland, theluji imefika hapa. Gene alipigwa kichwa robo ya kwanza. Tulipokusanyika kupanga mchezo akaniuliza tunacheza na nani. Nikamwambia. Nikamwambia pia aende kushoto. Akaenda kushoto. Alikwenda kushoto siku nzima, kila nilipomwambia, na hakujua yuko mji gani. Magazeti kesho yake yaliandika jina langu. Mimi niliyakata nikayatunza."

Kwenye meza ya mbele Skip Dillard alikuwa akikoroma.

"Ningepaswa kuwaambia wamtoe. Sikuwaambia. Basi, huyo ndiye Gene Stupak." Akatafuta neno la kumalizia, hakulipata, akarudi kukaa.

Makofi hayakuja mara moja, na yalipokuja yalikuwa ya watu wasiojua wanapigia nini. Tammy Stupak hakupiga. Alimtazama Ray kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na hakupenda alichokiona. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka baba yake hospitali siku ambazo alisahau njia ya kwake mwenyewe, na sasa alikuwa amejua jambo jipya.

Gene alikaribia kipaza sauti kwa taratibu zake. Alishika pande zote mbili za meza ya kusomea.

"Nilitaka aaibike," alisema. "Sasa ameniharibia chakula changu na chenu." Watu wakacheka kwa kushukuru. "Ile mechi ya Cleveland siikumbuki. Kwa miaka yote hii nilidhani tulishindwa." Wakacheka tena, kidogo zaidi. Kisha akamshukuru mkewe, Tammy, fundi mwenzake aliyemshikia zamu, na baba mkwe wa Tammy kwa ajili ya paa, na akasema kuhusu Ray jambo moja tu la mwisho: "Watu huniuliza kama Ray anastahili kuingia humu. Mimi sijui. Nilikuwa nimempa mgongo."

Hicho ndicho kilichozungumzwa Medlin majira yote ya joto.

Ray alirudisha koti mwezi wa Juni. Wengine wanasema aliona aibu, wengine wanasema alitaka jina lake lirudi kwenye kura, na Earlene, akiulizwa, husema mtu anaweza kufanya jambo kwa sababu mbili na asijue ipi ilitangulia. Januari jina lilirudi kwa kamati. Wakamjadili. Likarudi tena kwake, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Aliyeingia badala yake ni mrusha mishale wa Harlan Forge, kijana mwenye nywele nzuri.

Tammy hakumsamehe. Akimkuta sokoni hubadilisha njia hata kama siagi iko upande wa Ray, na Ray amezoea, hukaa mbali na siagi.

Gene ni habari nyingine. Hakusema amesamehe na hakuna aliyemwuliza. Ila vuli ilipofika na mechi za Ijumaa za shule zikaanza, alimkuta Ray amekaa safu ya chini kabisa, kwa kuwa ngazi magoti yake hayakuziweza, naye akakaa hapo hapo, kwa kuwa kutoka safu nyingine yoyote ingembidi ainamishe shingo isiyoinama. Tangu hapo hukaa pamoja. Huwakosoa wakimbiaji wa Medlin kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, bila huruma, mpaka wazazi wa wachezaji wakahama na kuwaachia benchi zima.

"Yule anakimbia wima mno," husema Gene.

"Anakimbia wima kwa sababu hana mtu mbele yake. Mwangalie yule mfungua njia, anapiga hewa."

"Yule? Yule ni mzuri."

"Mzuri wapi, Gene? Ameanguka mwenyewe."

"Nakwambia ni mzuri. Wewe ungejuaje?"

Earlene, aliyekaa katikati yao na blanketi miguuni, huwaachia blanketi na kwenda kununua chokoleti ya moto, na huko kwenye foleni huchelewa kwa makusudi.